Rangi za kupaka anga za juu kwenye vitako vya vinyago: zipi zinunuliwe kwanza, zipi ziachwe dukani

Anayeanza kupaka anga za juu kwenye kitako cha kinyago, yaani kibao kinachobeba sanamu ndogo ya kupakwa rangi, hununua majenta, zambarau, feruzi, rangi inayogeuka kadiri unavyoisogeza kwenye mwanga, na unga wa kumetameta juu yake. Kisha hushangaa kitako chake chenye kipenyo cha milimita 32 kikifanana na karatasi ya kufungia zawadi. Hajakosea kuchagua rangi. Tatizo ni kwamba weusi wote umefunikwa. Anga huonekana anga kwa sababu ya giza linalobaki, na rangi mbili tatu zinazochomoza ndani yake. Kwa hiyo bidhaa zote zilizomo humu zimepimwa kwa swali moja: je, inasaidia giza libaki giza na mwanga uwe mwanga, au inafanya kila kitu kiwe cha katikati?

Jibu la haraka kwa mwenye haraka: pesa ya kwanza iende kwenye wino mweupe, ya pili kwenye vanishi ya kung'aa. Rangi za nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi angani, zinaweza kuwa za kampuni yoyote.

Wino mweupe ndio unaobeba kazi

FW wa Daler-Rowney, kampuni ya Uingereza, huja kwenye chupa ya mililita 29.5 yenye pipeti kifunikoni. Ni wino wa akriliki wenye chembe za rangi, si wa kemikali inayoyeyuka tu, kwa hiyo ukikauka hautoki kwa maji. Liquitex wana wao wa mililita 30 unaofanya kazi ileile, na ukikosa mmoja chukua mwingine bila kusita.

Kwa nini wino, wakati kila mtu ana rangi nyeupe ya kawaida mezani? Rangi nyeupe ya vinyago ni nzito. Ukitaka iruke matone madogo lazima uitie maji, na ukishaitia maji haifuniki tena: tone linakauka likiacha duara jeupe pembeni na kijivu katikati. Wino umetengenezwa uwe mwepesi tangu chupani huku chembe zake zikiwa nyingi, ndiyo maana nukta ndogo kuliko kichwa cha sindano inabaki nyeupe kweli juu ya weusi.

Kasoro yake ni kutuama. Weupe wa wino huu unatokana na titani, ambayo ni nzito na huzama chini. Chupa iliyokaa wiki kadhaa bila kuguswa inatoa maji ya maziwa, na nyota zako zitaonekana safi zikiwa mbichi, kisha zinafifia zikikauka. Kutikisa peke yake hakutoshi mara zote. Fungua, chokonoa sakafu ya chupa kwa kijiti mpaka usikie pameachia, tia gololi moja ya chuma kisichoshika kutu, funga, tikisa dakika moja nzima. Gololi ya chuma cha kawaida itaota kutu na kuutia wino umanjano.

Kurusha nyota kunahitaji mswaki mgumu wenye nywele fupi. Chovya ncha tu, si mswaki mzima, kisha futa kwenye karatasi ya jikoni mpaka ubaki unyevu. Wino ukiwa mzito kwa sababu chupa imefunguliwa siku nyingi, tone moja la maji kwa matone manne linatosha. Elekeza mswaki kwenye kitako ukiwa umbali wa sentimita 15 hivi, vuta nywele kwa kidole gumba kuelekea kwako, ziachie ziruke mbele. Miruko ya kwanza iende kwenye karatasi nyeusi pembeni, kila unapochovya, bila kusahau. Hapo ndipo matone makubwa hutoka. Ukiona karatasini nukta zimekuwa kama vumbi, hamia kwenye kitako.

Ukubwa wa nukta ndio unaoamua kama jicho litaamini. Kwenye kitako cha milimita 32, doa la milimita moja si nyota tena. Linasomeka kama sayari, au kama rangi iliyodondoka kwa bahati mbaya. Tone la namna hiyo likiangukia mahali pabaya, liguse papo hapo kwa kona ya brashi yenye unyevu, linyonyeke. Juu ya tabaka lenye mng'ao kiasi linatoka lote. Juu ya rangi isiyong'aa kabisa linakuwa limeshanywewa, na dawa ni kusubiri likauke kisha kulipaka nyeusi.

Usirushe sawasawa kila upande. Nyota za kweli zinaonekana kujazana kwenye mkanda na kupungua kwingine, kwa hiyo chana karatasi kwa mkono ili ukingo wake uwe wa kuvunjikavunjika, funika theluthi moja ya kitako, rusha, sogeza karatasi, rusha tena kidogo. Sehemu iliyofunikwa mara zote mbili itabaki karibu tupu. Utupu huo una thamani kuliko nukta nyingine mia.

Nyota kubwa huchorwa kwa brashi, na zisizidi tatu kwa milimita 32 au tano kwa milimita 40. Miale ya msalaba tunayoizoea kwenye picha haitoki kwenye nyota yenyewe; ni darubini inayoutawanya mwanga. Picha za Hubble zina miale minne, za James Webb zina sita mikubwa na miwili midogo ya mlalo. Kwenye eneo dogo chagua minne, kila mmoja milimita mbili au tatu. Weka nukta ya wino, iache ikauke, kisha kila mwale uanzie katikati na brashi iinuke ukielekea nje, ili uishe kwa ncha nyembamba. Ukianzia nje kuja ndani unapata fito nne za unene mmoja.

Baadhi ya nyota hizo zipewe rangi. Nyota zenye joto kali kama Rigel huelekea buluu, na zilizopoa kama Betelgeuse huelekea machungwa na wekundu. Tandaza rangi nyembamba kabisa kuzunguka nukta na uache moyo wake mweupe. Moja ya buluu na moja ya machungwa kwenye kitako kizima zinatosha.

Weusi na buluu ya chini

Praima nyeusi ya kupuliza, ile rangi ya kwanza inayoshikilia zinazofuata, kutoka kampuni yoyote ya vinyago inafaa. Tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya siku kavu na siku yenye unyevu: hewa ikiwa na maji mengi, praima inakauka na ukungu wa kijivu ambao tabaka zote zijazo zitaubeba. Puliza kwa mipito mifupi kutoka sentimita 20 hadi 30. Ukienda mbali zaidi, rangi inakauka hewani na kutua kama mchanga, na chini ya nebula mchanga huo unaonekana wazi.

Kabla ya praima, osha kitako kwa maji ya sabuni na uzibe ufa wa katikati kama kinao. Anga haina mahali pa kuficha kasoro. Kwenye kitako cha matope au mawe, mchanga unafunika kila kitu. Hapa mkwaruzo mmoja unasimama kama barabara. Jaza ufa kwa gundi ya udongo ya kuchanganya, iache igande usiku mzima, sugua kwa msasa wa namba 400 kisha 800.

Juu ya praima panahitajika buluu moja iliyokaribia kuwa nyeusi. Dark Prussian Blue ya Vallejo, namba 70.899 kwenye mfululizo wa Model Color, ni chaguo zuri sana kwa kazi hii. Changanya nusu kwa nusu na nyeusi, igongeshe kwa sponji kwenye mkanda unaopita kwenye kitako kwa mshazari. Ikikauka utaona kama hujafanya lolote. Ni sawa. Thamani yake inajitokeza baadaye, pale ukingo wa nebula unapoyeyukia kwenye buluu hii badala ya kukatika ghafla kwenye weusi.

Wanaoanza na zambarau moja kwa moja juu ya nyeusi wanakosa hatua hii, na matokeo yake ni wingu linaloonekana limebandikwa.

Mawingu: rangi nzito au rangi ya kupenya

Hapa bidhaa zinagawanyika makundi mawili, na kuzichanganya bila kujua ndiko kunakoharibu kazi nyingi.

Kundi la kwanza ni rangi za kawaida zinazofunika. Unaanza na giza kwenda kwenye mwanga: zambarau, kisha majenta, kisha majenta yenye nyeupe kidogo, kila mara eneo likiwa dogo kuliko lililotangulia. Njia hii ni ya uhakika lakini ina tabia ya kutoa rangi zenye vumbi, kwa sababu kila ukitia nyeupe, majenta inakuwa waridi hafifu.

Kundi la pili ni rangi za kupenya: wino za rangi za FW, na Contrast za Citadel zilizotoka mwaka 2019 kwenye chupa za mililita 18. Hizi haziongezi mwanga hata kidogo. Zinaupaka rangi mwanga uliopo tayari chini yake. Ndiyo maana mtu akipaka Contrast ya zambarau moja kwa moja juu ya praima nyeusi anasema haionekani, na kweli haionekani. Kwanza jenga wingu lote kwa kijivu na nyeupe, kana kwamba unapiga picha isiyo na rangi, halafu ndipo uitie rangi juu. Matokeo yake yanawaka kwa namna ambayo rangi nzito hazifikii, na kati ya njia mbili hizi ndiyo ninayoipendekeza bila kusita.

Kwa kitako cha milimita 40, kazi inakwenda hivi. Chukua sponji ile laini ya kijivu inayokuja ndani ya kasha la vinyago, ichane kwa vidole mpaka uwe na kipande cha sentimita moja chenye uso usio na mpangilio. Usikate kwa mkasi. Ukingo ulionyooka utajirudia kwenye rangi kama muhuri. Chovya kwenye kijivu cha katikati, gonga kwenye karatasi mpaka alama ziwe hafifu, halafu gonga kwenye kitako ukifuata mkanda wa buluu, huku ukigeuza sponji kila mara. Rudia kwa kijivu cheupe katikati ya mkanda tu. Malizia na wino mweupe sehemu mbili tatu zisizozidi ukubwa wa punje ya mchele. Zaidi ya nusu ya kitako iwe bado nyeusi au buluu. Ikishapungua chini ya hapo, rudisha nyeusi kwa sponji ileile.

Sasa rangi. Contrast ya chupani ni nzito mno kwa kazi hii na inajikusanya kwenye madimbwi. Ipunguze kwa kiyeyusho cha Contrast Medium, sehemu moja ya rangi kwa mbili za kiyeyusho. Maji matupu yanaikata na kuiacha na madoa yenye ukingo. Paka majenta upande mmoja wa wingu, feruzi upande mwingine, na pale zinapokutana ziguse zikiwa zote mbichi ili mpaka upotee. Acha ikauke kabisa, dakika 20 au zaidi, kabla ya tabaka la pili. Contrast inayoguswa ikiwa nusu kavu inachunika na kuacha shimo jeupe.

Kuhusu uchaguzi wa rangi, maumbile yametoa mwongozo mzuri. Hidrojeni kwenye nebula hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 656, na oksijeni hutoa kijani-buluu cha nanomita 501 hivi. Kwa hiyo wekundu wa waridi pamoja na feruzi si mtindo tu; ndivyo gesi hizo zinavyowaka. Kilimia nacho kimezungukwa na ukungu wa buluu tupu, kwa kuwa vumbi lake linaakisi mwanga wa nyota zenye joto, na kitako cha buluu peke yake chenye nyota sita saba kubwa, hata kama hapo unapita idadi niliyoitaja juu, kinapendeza kuliko watu wanavyodhani. Rangi za dhahabu na kijani za picha maarufu ya Nguzo za Uumbaji, iliyopigwa na Hubble mwaka 1995, zilipangwa na wataalamu ili kutofautisha gesi. Ukizitaka, zitumie zote pamoja. Dhahabu ikichanganywa na majenta inatoa rangi ya kahawia.

Hatua inayorukwa na wengi ni kurudisha giza baada ya rangi. Nebula za kweli zina mifereji ya vumbi inayoziba mwanga, na hiyo ndiyo inayolipatia wingu umbo. Nyeusi iliyopunguzwa kwa maji kidogo, sponji karibu kavu, michirizi miwili mitatu inayokata sehemu yenye mwanga mkali. Michirizi ipite kwenye weupe hasa, si pembeni, kwa maana giza linasomeka pale tu linapopakana na mwanga.

Rangi zinazogeuka, na zile zinazowaka

Rangi zinazogeuka, kama Chameleon za Green Stuff World, zinavutia dukani, na watengenezaji wake wameifanya kazi yao vizuri. Tatizo ni matumizi. Ndani yake kuna vigamba vidogo vilivyofunikwa tabaka jembamba linalorudisha rangi tofauti kwa pembe tofauti. Ili vifanye kazi vinahitaji weusi unaong'aa chini, uso laini, na vilale bapa. Nebula ya sponji ni kinyume cha vyote hivyo: ina mikwaruzo, ina weupe, haina mng'ao. Ukizipiga hapo unapata mng'aro wa kijivu usiogeuka kwenda popote.

Mahali pake ni kwenye sayari. Nusu tufe ya plastiki iliyobandikwa ukingoni mwa kitako, nyeusi ya kung'aa chini, tabaka tatu au nne nyembamba kwa brashi ya hewa (kifaa kidogo cha kupulizia rangi) yenye tundu la milimita 0.4 au zaidi, na hapo bidhaa inaonyesha uwezo wake wote. Tundu la 0.2 litaziba.

Rangi za kuwaka, zile za majenta kali na kijani kali, zina ufunikaji duni na hupauka zikikaa juani kwa muda mrefu. Tone moja kwenye moyo wa wingu, juu ya weupe, basi.

Unga wa kumetameta uachwe. Chembe zake zina ukubwa mmoja, na macho huutambua usawa huo mara moja.

Brashi ya hewa: inasaidia, haitoshi

Mwenye brashi ya hewa yenye tundu la milimita 0.3 anaweza kuweka ukungu wa kwanza wa buluu na zambarau kwa shinikizo la baa 1 hadi 1.4 kwa dakika chache. Rangi ikiwa nyepesi mno au ukisogea karibu sana, inakimbia na kuchora miguu ya buibui. Lakini hata ikienda vizuri, ukungu wa hewa peke yake ni laini kupita kiasi. Unatoa moshi usio na mifupa. Weka ukungu kwa hewa, umbo kwa sponji. Asiye nayo hajakosa chochote cha lazima kwenye vitako vya chini ya milimita 60.

Vanishi na gundi, pale kazi nzuri inapoharibika

Vanishi isiyong'aa ndiyo tunayoizoea kwenye vinyago, na kwenye anga ndiyo adui. Inaondoa mng'ao kwa kuutawanya mwanga, na mwanga uliotawanyika juu ya nyeusi unaonekana kijivu. Kina chote ulichokijenga kinapanda juu. Vanishi ya kung'aa inafanya kinyume: weusi unazama, rangi za kupenya zinakolea, nyota zinaonekana kuelea. Gloss Varnish ya Vallejo, namba 70.510, tabaka mbili nyembamba kwa brashi pana laini, saa moja katikati yake, inatosha. Usiipitie mara mbili inapoanza kushika, maana inaacha mifereji ya brashi ambayo mng'ao utaitangaza. Kama mwangaza wa taa unakukera, chukua yenye mng'ao wa kati. Usishuke zaidi ya hapo.

Wengine humimina rezini ya kugandishwa kwa taa ya urujuanimno ili kupata kina cha kioo. Inapendeza, kwa masharti: tabaka la milimita moja kwa wakati, viputo vipasuliwe kwa sindano kabla ya taa, na chumba kiwe na hewa na mikono iwe na glavu, kwani rezini mbichi hudhuru ngozi. Tabaka nene linapata joto, linajikunja, na kwenye kitako chembamba cha plastiki linakivuta kiwe kama sahani. Rezini nyingi za aina hii pia hugeuka manjano kadiri miaka inavyokwenda, na umanjano juu ya buluu unaelekea kijani.

Kinyago kipakwe peke yake na kibandikwe mwisho. Kurusha nyota wakati kinyago kimeshasimama ni kukitia madoa ambayo hakuna karatasi itakayoyazuia yote. Toboa tundu la milimita moja kwenye kisigino na jingine kwenye kitako, tia waya wa kibanio cha karatasi, na ubandike kwa gundi ya epoksi. Ile gundi ya papo kwa papo hutoa mvuke unaotua kama ukungu mweupe kuzunguka miguu, na juu ya nyeusi inayong'aa ukungu huo unaonekana kutoka upande wa pili wa meza. Ukishatokea, futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo sana, kisha rudisha vanishi pale tu.

Ukingo wa kitako upakwe nyeusi tupu isiyong'aa baada ya vanishi ya juu kukauka. Tofauti ya mng'ao kati ya juu na pembeni inatosha kuonyesha anga inaishia wapi.